Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga ratiba ya siku kwa misingi ya Ayurveda ukiwa Arusha au Moshi

Maswali yaliyo hapa chini yametoka kwa watu wanaohudhuria kikundi kidogo cha mazoezi ya asubuhi ninachokisimamia hapa Arusha, pamoja na ndugu na marafiki zao walioko Moshi. Mimi si daktari wala tabibu. Ni mtu aliyeishi na ratiba hii kwa miaka kadhaa, akaacha baadhi ya mambo na kushika mengine. Wengi huja wakidhani kwamba wataanza kwa kununua mafuta, unga na vidonge. Majibu yangu karibu yote yanarudi kwenye saa: unaamka lini, unakula lini, unalala lini.

Ayurveda ni nini, na ratiba ya siku inaingiaje humo?

Ayurveda ni mfumo wa tiba uliozaliwa India, na jina lake ni la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni elimu. Mafunzo yake yamehifadhiwa katika vitabu vya kale, ambavyo vinavyotajwa zaidi ni Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridaya. Vitabu hivyo vinaeleza magonjwa na dawa kwa urefu, lakini vinatenga pia sura za mwenendo wa mtu mzima wa afya tangu anapofumbua macho mpaka anapolala, na mwenendo huo huitwa dinacharya. Charaka anasema mwili umesimama juu ya nguzo tatu, nazo ni chakula, usingizi na kiasi katika tendo la ndoa. Dawa haimo kwenye orodha hiyo, na jambo hilo lenyewe lingetosha kumpunguzia mtu haraka ya kwenda dukani.

Hizo saa za vata, pitta na kapha zinahesabiwaje?

Ayurveda inaeleza mwili kwa nguvu tatu zinazoitwa dosha. Vata ni ya mwendo na ukavu, pitta ni ya joto na umeng'enyaji, kapha ni ya uzito, unyevu na utulivu. Mchana hugawanywa mafungu matatu, usiku vilevile, na kila fungu lina dosha yake: kapha hutangulia, pitta hushika katikati, vata humalizia.

Waandishi wa Kizungu wanapolieleza jambo hili hulazimika kuandika saa za asubuhi na za jioni kwa namba zinazompa msomaji kazi ya kukariri. Sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tumepunguziwa mzigo huo. Kapha ni saa 12 hadi saa 4, pitta ni saa 4 hadi saa 8, vata ni saa 8 hadi saa 12, na usiku namba ni zilezile bila kubadilika hata moja. Mtu akishaelewa mchana wake, usiku ameuelewa. Saa 4 asubuhi moto wa tumbo unaanza kupanda. Saa 4 usiku joto lilelile linarudi, ila safari hii mwili unalihitaji kwa kazi ya ndani ya ukarabati, ndiyo maana anayepitiliza saa 4 usiku akiwa macho hujikuta amechangamka ghafla na anatafuta cha kutafuna.

Mgawanyo huu unatukaa vizuri kwa sababu nyingine. Arusha iko kiasi cha nyuzi tatu na nusu tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 40 hivi mwaka mzima. Delhi, tofauti ya mapambazuko ya Juni na ya Januari inakaribia saa mbili nzima, na mtu wa huko analazimika kuisogeza ratiba yake kwa misimu. Sisi tukishaiweka, imekaa.

Je, ni lazima nijue kwanza mimi ni wa dosha gani?

Hapana. Dodoso za kujipima zilizosambaa kwenye simu huuliza kama ngozi yako ni kavu na kama una hasira za haraka, na mtu huyohuyo akijibu Februari wakati wa joto na vumbi, kisha akajibu tena Julai wakati wa baridi na ukungu, atapata majibu mawili tofauti. Mafunzo yenyewe hutenganisha maumbile uliyozaliwa nayo na hali uliyo nayo leo, na kuyapambanua ni kazi ya tabibu aliyesomea. Anza na saa. Jina la dosha yako litasubiri.

Niamke saa ngapi?

Wakati unaosifiwa zaidi huitwa brahma muhurta. Muhurta moja ni dakika 48, na wakati huu huanza muhurta mbili kabla ya jua kuchomoza na kuisha muhurta moja kabla yake. Kwa jua la saa 12 na nusu, hesabu inatuleta kwenye saa 10 na dakika 54 hadi saa 11 na dakika 42 alfajiri. Anayeswali alfajiri tayari yuko macho wakati huo, na mama anayewahi mzigo wa mboga Kilombero au Mbuyuni hana haja ya kufundishwa na mtu.

Kwa wengine ninashauri saa 11 na nusu, au hata saa 12 kamili, ilimradi iwe ileile kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Vitabu vinamwambia mtu mwenye afya aamke mapema kwa ajili ya kulinda uhai wake. Mgonjwa, mtoto na mzee hawamo katika amri hiyo. Na anayelala saa 6 usiku akajilazimisha kuamka saa 11 alfajiri hajafuata Ayurveda yoyote, amejinyima usingizi tu. Ukitaka kuamka mapema, sogeza kwanza saa ya kulala kwa robo saa kila wiki, mpaka ufike saa 4 usiku.

Maji ya uvuguvugu asubuhi yana faida gani, na je, maji ya Arusha yanafaa?

Kunywa maji ya moto ya wastani mara baada ya kuamka ni desturi ya siku nyingi, na sababu inayotolewa ni kuamsha tumbo na kusaidia choo. Glasi moja inatosha. Hakuna sababu ya kujaza tumbo lita nzima kwa kushindana na mtu wa kwenye video.

Sehemu ya pili ya swali ina uzito zaidi, na vitabu vya India haviwezi kutujibia. Maji ya maeneo mengi yanayouzunguka mlima Meru yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na ndiyo inayowapa watoto wetu meno ya kahawia na, ikizidi sana kwa miaka mingi, kudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Sasa, mwalimu wa Ayurveda atakuambia uyachemshe maji mpaka yapungue, kwa kuwa maji yaliyopunguzwa kwa moto huhesabiwa kuwa mepesi zaidi tumboni. Kwa maji yenye floraidi, ushauri huo unageuka kinyume: kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haipandi na mvuke, inabaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyokolea. Kwa hiyo yachemshe, yafunike, yaepue mara yanapotokota. Kama mtaani kwenu watoto wana meno ya kahawia, tafuta chanzo kingine cha maji ya kunywa, ama maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, ama yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Magadi ya kulainishia maharage nayo hubeba floraidi, basi yapunguze.

Wengi huongeza asali. Ayurveda inakataza asali isichemshwe wala isitiwe kwenye kitu cha moto sana, hivyo subiri maji yapoe kiasi cha kuweza kuchovya kidole bila kushtuka.

Kukwangua ulimi na kusukutua mafuta kunahitajika kweli?

Kukwangua ulimi, ndiyo. Kunachukua nusu dakika, kijiko cha chai kinatosha, na harufu ya kinywa hupungua tangu siku ya kwanza. Unakwangua taratibu kutoka nyuma kuja mbele, mara tano au saba, unasuuza kijiko, basi. Wazee wetu waliotumia mswaki wa mti walikuwa wakiupasua na kuupitisha ulimini, na mwarobaini ambao watu wa India hutafuna vijiti vyake ni mti ambao huku uwandani chini ya Moshi unaujua kila mtu.

Kusukutua mafuta ya ufuta au ya nazi kwa dakika kadhaa ni hiari. Hakuchukui nafasi ya kupiga mswaki. Na usiyateme kwenye sinki asubuhi ya baridi, kwa sababu mafuta ya nazi huganda bombani na fundi atakutoza.

Kujipaka mafuta mwili mzima kabla ya kuoga: nianzie wapi?

Desturi hii huitwa abhyanga, na vitabu vinaisifu kwamba huchelewesha uzee, huondoa uchovu na kutuliza vata, vikisisitiza zaidi kichwa, masikio na nyayo. Mafuta ya ufuta ndiyo yanayotajwa kwanza kwa sababu yanahesabiwa kuwa ya moto. Ufuta wenyewe unalimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, kwa hiyo huhitaji chupa iliyosafiri kutoka Mumbai. Kwa wenye ngozi inayowaka na kwa joto la Moshi la Januari na Februari, mafuta ya nazi ni baridi zaidi.

Julai mwaka mmoja nilijipaka bafuni nikiwa nimesimama, kama nilivyoona kwenye picha, nikasahau kwamba sakafu yetu ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mguu uliteleza, kiwiko kikapiga ndoo, na maji ya moto niliyoyachemsha kwa gharama yakaenda yote kwenye tundu. Asubuhi hiyo, Mlima Meru wote ukiwa ndani ya wingu, nilioga ya baridi. Tangu siku hiyo najipaka nikiwa nimeketi kwenye kigoda, miguu juu ya gunia kavu, mafuta yakiwa kijiko kimoja kikubwa tu kilichopashwa moto ndani ya kikombe cha maji ya moto. Nasugua mikono na miguu kwa kwenda na kurudi, viungo kwa mzunguko, tumbo kwa mzunguko kutoka kulia kwenda kushoto, nakaa dakika kumi, ndipo naoga. Nyayo hufutwa kwa kitambaa kabla ya kusimama.

Kama dakika kumi na tano hizo huna, paka nyayo na utosi usiku, vaa soksi kuukuu, ulale. Mwenye homa, mwenye mafua makali na ambaye chakula cha jana bado kimemkaa tumboni huambiwa asijipake kabisa.

Mazoezi gani, na kwa kiasi gani?

Kanuni ninayoipenda kuliko zote katika dinacharya ni ya nusu ya nguvu: fanya mazoezi mpaka nusu ya uwezo wako, na dalili za kuifikia nusu hiyo ni jasho kutokea kwenye paji la uso na makwapani, kinywa kuanza kukauka, na pumzi kuanza kutafuta njia ya mdomoni. Hapo unasimama. Wakati wake ni fungu la kapha la asubuhi, kabla ya saa 4, mwili ukiwa mzito na unahitaji kusukumwa.

Mtu anayepanda kwa miguu kutoka barabara kuu kwenda nyumbani kwake Kibosho au Ilboru ameshamaliza mazoezi yake na haelewi tunazungumza nini. Anayekaa ofisini atembee dakika thelathini za haraka siku tano kwa wiki, kiasi ambacho kinatimiza pia dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kwa watu wazima. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam akumbuke kwamba Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hivyo nusu ya nguvu yake itafika mapema kuliko alivyozoea.

Kifungua kinywa niruke, au chai ya saa nne inatosha?

Ayurveda haimlazimishi mtu kula asubuhi kama njaa haijafika; inasema usile mpaka mlo uliopita umeisha tumboni. Ndiyo maana chai ya saa 4, ambayo maofisini mwetu huheshimiwa kuliko kikao chochote, imekaa mahali pake kabisa, kwenye mlango wa fungu la pitta. Tatizo ni kinachoandamana nayo. Chapati mbili na sambusa tatu saa 4 zitaizima njaa ya saa 7, na mlo mkubwa utasukumwa mpaka usiku. Uji wa ulezi saa 1 asubuhi, au chai ya tangawizi na kiazi kitamu saa 4, humfikisha mtu mchana akiwa na njaa ya kweli.

Kwa nini mnasisitiza mlo mkubwa uwe mchana?

Kwa sababu ndilo badiliko moja ambalo, ukilifanya peke yake na kuacha mengine yote, utaliona mwilini ndani ya wiki mbili. Ayurveda inafananisha umeng'enyaji na moto, inauita agni, na inasema moto huo huenda na jua. Kwetu jua huwa utosini kati ya saa 6 na robo na saa 7 kasorobo. Hapo ndipo ugali, maharage, nyama na mboga vinapostahili kuliwa. Sisi tumeupindua mpango huo: mchana ni chipsi za haraka au chai tena, na saa 3 usiku ndipo sufuria ya wali inapofunuliwa, familia nzima imechoka, na saa 4 na nusu watu wako kitandani huku tumbo likiwa zamu.

Najua ugumu ulipo. Chakula cha usiku ndicho kinachotukutanisha, na mtu hawezi kuwaambia watoto waliotoka shule kwamba wameshakula mchana. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea kutoka Machame, siku ya pili alitazama meza ikiandaliwa saa 12 na nusu jioni, akasema, "Hee, mwanangu, siku hizi kwako mnakula na kulala na kuku?" Sikumjibu. Nilimsogezea bakuli la mtori mwepesi usio na nyama nyingi, akala, akanyamaza. Kesho yake jioni ni yeye aliyeuliza kama mtori umebaki.

Kwa hiyo meza ya jioni ibaki, ila kilichomo kipungue na saa isogee. Supu ya mboga, mtori, uji wa kande zilizopikwa laini, wali kidogo na choroko: vyovyote, ilimradi viliwe kabla ya saa 1 na nusu. Choroko zilizopikwa na mchele, manjano, jira na kijiko cha samli ndizo wanazoziita khichdi, na familia za asili ya Gujarat na Kutch zilizoishi mjini hapa vizazi kadhaa huzipika mtu anapougua au anapotaka kupumzisha tumbo. Wanaorudi nyumbani saa 2 kwa sababu ya daladala wale supu hiyohiyo na wasilale mpaka yapite masaa mawili.

Kuhusu kiasi, Vagbhata, mwandishi wa Ashtanga Hridaya, anaigawa nafasi ya tumbo mara nne: mafungu mawili ya chakula kigumu, moja la vinywaji, moja liachwe wazi. Ukisikia cheu ya kwanza, weka kijiko chini.

Vyakula vyetu vinaingiaje kwenye zile ladha sita?

Vinaingia bila kuvutwa. Ladha sita ni tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi, na mlo mkubwa unatakiwa uwe na kila moja walau kwa mbali. Wanafunzi wa Kizungu huhangaika na ile ya sita kwa kuwa hawana neno la nyumbani la kuielezea. Sisi tunalo: ni ule ukakasi wa ndizi mbichi unaokausha ulimi. Sahani moja ya Uchagani inaweza kubeba yote: ndizi zina utamu na ukakasi, mnafu una uchungu, tangawizi au pilipili ina ukali, limau lina uchachu, na chumvi ipo. Ladha inayokosekana mara nyingi mezani kwetu mjini ni chungu, kwa sababu mnafu na majani ya kunde yamegeuka kuwa chakula cha kijijini.

Zipo pia makatazo ya kuchanganya. Samaki na maziwa havikai pamoja. Ndizi mbivu na maziwa pia huambiwa havipatani. Na maziwa mgando hayaliwi usiku. Katazo hili la mwisho lina maana kwangu, kwa hiyo loshoro ya mahindi na maziwa mgando naila mchana na kushiba vizuri. La ndizi na maziwa sijawahi kulishika kwa dhati, na bado nipo.

Usingizi wa mchana unaruhusiwa?

Kwa kawaida hauruhusiwi, kwa kuwa huongeza kapha. Wanaoruhusiwa ni watoto, wazee, wagonjwa, waliochoka kwa safari au kazi nzito, na watu wote wakati wa kiangazi kikali. Mkazi wa Moshi mwezi wa Februari asijilaumu.

Mimi ni mlinzi, muuguzi au mpagazi wa mlimani. Ratiba hii si ya watu wa ofisini tu?

Swali hili huniuma, kwa sababu watu wanaoufanya mji huu uende ndio wasioweza kuchagua saa zao. Wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro huanza safari ya kilele karibu saa 6 usiku, katikati ya fungu la pitta, na dereva wa kwenda Ngorongoro anawasha gari saa 11 alfajiri. Vitabu havikuwafikiria.

Linalowezekana ni kushika nanga mbili badala ya kumi. Ya kwanza ni mlo mkubwa wa saa 6 hadi saa 8 mchana, hata kama umeamka saa 5 baada ya zamu. Usiku wa kazini kula kidogo, cha moto na cha majimaji, badala ya chipsi za saa 8 usiku. Ya pili ni giza: ukilala asubuhi, funika dirisha kwa kitenge kizito, zima simu, na nyayo uzipake mafuta. Aliyekosa usingizi wa usiku huruhusiwa kulala nusu ya muda alioukosa asubuhi yake kabla hajala, nayo ni ruhusa ya vitabu vyenyewe. Mlimani kwenyewe fuata maelekezo ya kiongozi wako kuhusu maji, chakula na mwinuko. Huko si mahali pa kujaribia mfungo.

Misimu ya hapa ibadilishe nini?

India inahesabu misimu sita ya miezi miwili miwili. Yetu haifanani nayo, kwa hiyo fuata hali ya hewa na kuacha kalenda. Masika ya Machi hadi Mei, tumbo ni zito: tangawizi zaidi, maziwa machache, vyakula vya moto. Baridi ya Juni hadi Agosti njaa huwa kubwa, na mwili unapokea mafuta, samli, maharage na nyama bila kulalamika. Kuanzia Januari joto likipanda, hasa Moshi iliyo chini zaidi, punguza pilipili, ongeza matango, nazi na maji.

Nina kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ujauzito. Nifanye nini?

Muulize daktari wako kabla hujagusa saa za chakula. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari akiondoa mlo wa usiku bila kubadilishiwa dozi anaweza kushukiwa na sukari akiwa usingizini, na hilo ni jambo la hatari. Usiache dawa ya presha kwa sababu umeanza kuamka mapema na unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya ile dawa. Mjamzito asifunge, asinywe mafuta ya nyonyo wala mitishamba ya kusafisha tumbo.

Vipi kuhusu vidonge na unga wa Ayurveda vinavyouzwa madukani?

Ratiba hii haivihitaji. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa madini kwa makusudi kabisa, kufuatana na mafunzo ya zamani. Hapa Tanzania tiba ya aina hii inasimamiwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, kwa hiyo una haki ya kumwuliza anayekuuzia cheti chake na usajili wa bidhaa yake. Akikasirika, umepata jibu.

Sayansi ya leo inakubaliana na mambo haya?

Kwa sehemu. Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young kwa kugundua namna chembe za mwili zinavyojiendeshea saa ya ndani inayokaribia mzunguko wa siku nzima, na ufahamu huo unaunga mkono wazo la kula na kulala kwa saa zisizobadilikabadilika. Hauthibitishi kwamba kuna kitu kinaitwa pitta. Mimi nazichukua dosha kama lugha ya kupangia siku, na ninapougua naenda hospitali.

Desemba tunakwenda nyumbani Moshi kwa Krismasi. Ratiba yote inavunjika. Nitaanzaje tena?

Iache ivunjike kwa adabu. Ndafu italiwa usiku, mbege itapitishwa, na shangazi atakuwa na habari za mwaka mzima za kukusimulia mpaka saa 7. Shika kimoja tu kati ya vyote, nacho ni glasi ya maji ya uvuguvugu ukiamka, saa yoyote utakayoamka. Ukirudi mjini, wiki ya kwanza rudisha saa ya kuamka na usiguse kingine chochote. Wiki ya pili rudisha mlo wa mchana. Ukishaurudisha, njaa ya usiku itapungua yenyewe. Mafuta ya ufuta yasubiri mpaka wiki ya tatu, na kabla ya kuyapasha hakikisha lile gunia la bafuni limeanikwa likakauka.